Mguu Wangu Umetangulia Kaburini

Kama umekatwa kiungo na bado kinakuuma, huna wazimu. Naanza na hilo kwa sababu mimi nilikaa majuma mengi nikidhani nimerukwa na akili. Waliojua ukweli walinyamaza, na wasiojua waliongea sana. Haya ni ya yule ambaye sasa hivi yuko kitandani, anatazama mahali ambapo shuka limelala bapa, na anajiuliza ni kitu gani kinachomuuma pale.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina chumba Obunga, mtaa wa Kisumu, nusu duka, nusu malazi, na pazia katikati. Nashona sare za shule, magauni ya kwaya, na suruali za wanaume wanaonenepa bila kukubali. Nina ugonjwa wa sukari, nao ulinila mishipa ya miguu polepole mpaka nyayo zikafa ganzi. Siku moja sindano ya cherehani ilivunjikia ndani ya unyayo wangu wa kulia nami nikaendelea kukanyaga pedali mpaka jioni. Nilijua nilipoona soksi imelowa damu. Mguu huo ulikuwa wangu, umeshikamana nami, na haukuniambia kitu.

Kidonda kikawa cheusi. Mvua ndefu zilipoanza, wakati barabara za Obunga zinageuka uji, daktari aliniambia mguu utakatwa chini ya goti. Nililia, nikagombana naye, nikaweka sahihi.

Kabla sijapelekwa ndani, muuguzi alimgeukia ndugu yangu Odhiambo, ambaye tangu baba afariki ndiye mwenye boma letu kule Uyoma, karibu na Luanda Kotieno. Akamuuliza kama anayeuliza chai ya maziwa au ya rangi: "Mguu mtaenda nayo ama tuchome?"

"Tunaenda nayo," Odhiambo akasema. "Kwetu hatuchomi mtu."

"Si mtu," nikamwambia kutoka kitandani. "Ni mguu."

"Ni mguu ya mtu," akajibu, na hapo dawa ya usingizi ikanikatiza maneno.

Nilipozinduka sawasawa, siku ya pili, mguu ulikuwa umeshafika Uyoma na kuzikwa. Odhiambo alikuwa ameuzika nje ya ua. Asiye wa kwetu huenda asielewe hilo, kwa hivyo nieleze. Kwa Wajaluo, binti akishaolewa hana kaburi ndani ya boma la baba yake. Kaburi lake liko kwa mume, upande wa kushoto wa nyumba yake. Mimi niliolewa na Ojwang', huko upande wa Sondu, tukakaa miaka bila mtoto, akaoa mwingine, nami nikabeba cherehani yangu nikaja mjini. Ng'ombe wa mahari hawakurudishwa, kwa hivyo kwa mila mimi bado ni mke wake. Kwa Odhiambo hesabu ilikuwa rahisi: ndani haiwezekani, Sondu sikai, basi nje ya ua wa mnyaa, kando ya njia ya kwenda ziwani. Sikumlaumu. Nilikuwa na mambo mengine ya kulia.

Maumivu yalianza kabla nyuzi hazijatolewa. Ya kidonda chenyewe niliyatarajia. Hili lilikuwa jambo lingine. Vidole vya mguu wa kulia, vile vilivyokuwa chini ya udongo wa Uyoma, vilikuwa vimekunjwa kwa ndani na kubanwa, kucha zikichoma nyama. Nilikuwa nikipeleka mkono kuvikunjua nashika hewa. Mguu ambao haukuhisi sindano ulipokuwepo, sasa haupo na unahisi kila kitu. Niliwaza jambo hilo mpaka nikalichukia.

Siku ya kliniki nilimwambia daktari, kijana msafi, mwenye haraka.

"Mama, mguu haiko," akasema. "Hiyo uchungu iko kwa ubongo."

"Na hii ya kushoto ikiuma, uchungu iko wapi?"

"Hiyo iko kwa mguu."

"Na nani hunijulisha inauma?"

Akafikiri kidogo. "Ubongo."

"Sasa tofauti iko wapi, daktari?"

Akaandika dawa. Si mtu mbaya, na dawa ile ilinisaidia kiasi. Lakini lile neno, iko kwa ubongo, watu hulisema kama wanaosema hakuna kitu. Nilirudi kwenye benchi nikiwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyoanza kunifikirisha. Kama mguu uliokatwa nauhisi kichwani, basi hata ule mzima nimekuwa nikiuhisi kichwani tangu nizaliwe. Ladha ya samaki iko humo. Mapenzi niliyompenda Ojwang' yalikuwa humo. Mbona hayo hakuna aliyeniambia si ya kweli?

Benchi la kliniki ya viungo lina watu wake. Tunakaa tangu asubuhi, tumeshika kadi, feni inazunguka bila kuleta upepo. Siku hiyo kando yangu alikaa mzee mmoja ambaye mkono wake ulichukuliwa na mashine ya miwa. Alinitazama ninavyojikunja akasema polepole, "Inabana, sio?"

"Inabana, Mzee."

"Mimi ni pete. Pete ya harusi inanibana kidole. Na pete yenyewe iko kwa kabati ya mama watoto, naiona kila siku." Akacheka mpaka akakohoa. "Usiwaambie sana. Watakuletea mchungaji."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nikatwe. Sijui jina lake. Aliniamini bila kuniuliza ushahidi, na kitu hicho kilinishika mkono kuliko dawa. Ukikutana na mwenzako kwenye benchi, mwambie unachohisi hata kama ni kichekesho.

Mchungaji alikuja kweli, akaomba, akasema nina roho ya kukataa. Nikamwambia huo ni ukweli, na nitaihitaji.

Nyuzi zilipotolewa Mama alikuja kukaa nami nyuma ya pazia. Ni mwanamke mkavu, mrefu, mwenye mikono ya jembe, na alinifunga bendeji kila asubuhi akiimba chini kwa chini kana kwamba anafunga mtoto kitovu. Nyumbani tunaongea Kijaluo. Hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili chetu cha Kisumu.

"Inakuuma namna gani, nyathina?" aliuliza. Nyathina ni mwanangu.

"Vidole vimekunjwa, Mama. Kama mtu amevifinyia ndani ya kiatu ya mtoto."

Mikono yake ikasimama.  Akachukua simu, akampigia Odhiambo, akaiweka sauti kubwa kama kawaida yake, duka zima lisikie.

"Odhiambo. Ule mguu uliweka kwa nini?"

"Kwa boksi, Mama."

"Boksi gani?"

"Ya mkate. Ndiyo nilipata hapo nje ya hospitali."

"Ilitosha?"

"Ilikuwa fupi kidogo," Odhiambo akasema. "Nilisukuma vidole ndio ifunge."

Habari ya boksi sikuwahi kuisikia. Hakuna aliyeniambia. Nilikaa pale kwenye kiti cha kushonea, bendeji imefunguka nusu, na dunia niliyoizoea ikayumba. Mimi ni mtu wa kupima. Nikikuambia kiuno kimeongezeka, nina futi mkononi. Sasa futi langu lilikuwa limepima kitu kilicho chini ya ardhi, mwendo wa nusu siku kutoka nilipokaa, na kipimo kikatoka sawasawa.

"Lazima ifukuliwe inyooshwe," Mama akasema, na akaendelea kufunga bendeji.

Nilikataa. Kama kungekuwa na ukweli mwingine wa kuniponya ningeukumbatia, lakini huu uliniogopesha. Nikikubali kwamba mguu uliozikwa Uyoma unaniuma Obunga, nitakataa nini tena? Atakayekuja kesho aniambie nimerogwa nitamjibu nini? Tuligombana, mimi na Mama, siku nyingi. Alikuwa ananilisha, ananiosha, na hatusemezani. Wagonjwa wenzangu mtanielewa: hakuna ugomvi mgumu kama ule wa kugombana na mtu anayekubeba kukupeleka chooni.

Miezi ya baridi, ile baridi yetu ya Kisumu ambayo watu wa milimani huicheka, nilipelekwa kwa fizio mpya, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja wa mjini humu anayeitwa Nasra. Alinifanya nikae kitini, mguu mzima na kigutu vimenyooshwa mbele, akasimamisha kioo katikati, uso wa kioo ukitazama mguu wa kushoto. Akaniambia nichungulie. Nikaona miguu miwili. Ule wa kulia ulikuwa kivuli cha wa kushoto ndani ya kioo, najua, nilimwona mwenyewe akikiweka.

"Sasa kunja vidole vya kushoto," Nasra akasema. "Halafu fungua pole pole. Angalia kioo tu."

Nikafungua. Ndani ya kioo mguu wa kulia ukafungua vidole. Na ule mguu mwingine, ule usiokuwepo, ukafungua pia. Nilipiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia mlangoni. Nililia na kucheka pamoja, kamasi na yote.

Maumivu yalirudi jioni, lakini nilikuwa nimeonja. Nyumbani nina kioo kirefu cha wateja kujitazama, nikakilaza kati ya miguu kila siku asubuhi na alasiri. Mama alinitazama akitingisha kichwa. "Unakataa yangu," akasema, "na unajidanganya na kioo."

Maneno hayo yalinipata barabara. Ni kweli nilikuwa najidanganya, tena macho yakiwa wazi. Nilizoea kuwaza kwamba mtu huamini au haamini, kama vile mlango umefungwa au uko wazi. Kioo kilinionyesha kwamba ndani yangu kuna mmoja anayejua na mwingine asiyesikiliza, na yule asiyesikiliza ndiye aliyeshika maumivu. Yeye hahitaji ushahidi. Anahitaji kuona.

Nilimweleza Nasra habari ya boksi la mkate, nikitumaini atacheka. Hakucheka.

"Wengi ambao nimeona, vidole zao zimekunjwa," akasema. "Na miguu zao zilichomwa hospitali. Hazikuwekwa kwa boksi yoyote."

"Kwa hivyo Mama amekosea?"

"Sijasema hivyo. Nasema tu boksi si lazima." Akapanga vifaa vyake kidogo. "Dada Akinyi, ukiniuliza kama mguu ikinyooshwa kule utapata nafuu, mimi siwezi kusema hapana. Unajua kioo ni uongo na inakusaidia. Sasa nitakuambiaje ile ingine haiwezi?"

Nilitaka anipe silaha, akaninyang'anya hata ile niliyokuwa nayo. Nilimkasirikia wiki nzima. Leo namshukuru, kwa sababu alinihesabu kuwa mtu mzima.

Mvua za vuli zilipofika, Ojwang' alifika nazo. Sikuwa nimemwona miaka mingi. Alisimama mlangoni mwa duka, kofia mkononi, amezeeka, amebeba mkate na kilo ya sukari.

"Ojwang', umemletea mgonjwa wa sukari sukari?"

Akaitazama ile pakiti kama amekabidhiwa na mtu mwingine. "Mtu haendi mikono mitupu, Nyar Uyoma," akasema. Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, ndivyo walivyoniita kwao. Moyo wangu ukalegea kidogo, na nikajichukia kwa kulegea.

Alikuwa amesikia. Habari ya mguu uliozikwa peke yake haikai Uyoma tu. Wazee wa kwao walikuwa wamemwambia kwamba mambo ya boma lake yamekwama, vijana wake hawaoi, na hayatakwamuka kwa sababu mikayi, mke wa kwanza, hana kitu chochote pale. Nyumba yangu ilishaanguka. Sasa mguu wangu umelala nje ya ua kama wa mtu asiye na kwao. Unauma kwa sababu unatafuta nyumbani. Aufukue, aunyooshe, aupeleke Sondu, auzike kushoto pale nyumba yangu iliposimama. Maumivu yataisha, na siku yangu ikifika, mwili utaufuata mguu.

Alisema yote hayo bila ujanja. Machozi yalimlengalenga. Na Mama, aliyekuwa nyuma ya pazia, alitoka akiwa na uso ambao sijauona tangu nikiwa msichana, uso wa matumaini. Kwake jambo hili lilimaliza yote mawili: maumivu yangu, na kaburi langu. Kumbe kwa miaka yote alikuwa anaogopa nitalala nje ya ua, njiani, ambapo ng'ombe hupita.

Basi elewa kilichokuwa mbele yangu. Nikikubali, huenda nikapona, na nitakuwa wa Ojwang' mpaka mwisho wa dunia. Nikikataa, nabaki na vidole vyangu vilivyokunjwa, na Mama anakufa na hofu yake. Mchana nilikuwa jasiri. Lakini vidole vikibana nilikuwa tayari kuolewa hata na mlingoti wa stima, mradi viachie.

Miezi ya jua kali nilishindwa. Nilisema tufukue. Tunyooshe tu, nikasema, hayo ya Sondu tutaona. Mama akawapigia wote simu.

Tulikutana Uyoma asubuhi, nje ya ua, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki na magongo yangu yamelala nyasini. Ojwang' alikuja na wanaume wawili wa kwao, na sanduku. Lazima niseme kweli kuhusu sanduku lile. Alilitengenezesha kwa seremala, refu vya kutosha, limepigwa randa vizuri, pembe zimekutana bila pengo. Mimi najua kazi ya mikono nikiiona. Hakuna mtu aliyewahi kunitengenezea kitu kizuri vile.

Odhiambo alichimba. Boksi la mkate lilikuwa limeoza na kuwa udongo. Palibaki bendeji, mfupa wa muundi, na vifupa vya mguu vimelundikana upande mmoja, pale karatasi ilipokuwa imevibana. Odhiambo akageuza uso. Mama hakugeuza. Alipiga magoti shimoni, mwanamke wa umri ule, akatandika leso yake mpya, akaanza kuvipanga kimoja kimoja, kutoka kidole kidogo mpaka kile kikubwa, akivinyoosha kwa vidole vyake, akiimba chini kwa chini kama alivyokuwa akinifunga bendeji.

Nami nikahisi. Siwezi kuwadanganya wagonjwa wenzangu, kwa hivyo nasema kama ilivyokuwa. Nilikuwa namtazama mikono, na vidole vikaachia, kile kidogo kwanza, halafu vingine vikafuata. Mguu wangu wote ukalala wazi, laini, kama umetolewa kwenye kiatu. Nilivuta pumzi ambayo sikuwa nimeivuta tangu mvua za mwaka uliopita. Mama akainua uso, akaona uso wangu, akajua. Alianza kulia pale pale shimoni.

Unaweza kusema ni kama kioo, macho yaliona na yule asiyesikiliza akaamini. Huenda. Unaweza kusema mguu ulijua mikono ya mama yake. Huenda pia. Sikuwa na haja ya kuchagua. Nilikuwa nimepata nafuu.

"Umeona?" Ojwang' akasema kwa sauti ya chini. Hakuwa anajivuna. "Umeona sasa, Nyar Uyoma? Ilikuwa kweli. Tuupeleke nyumbani ndio imalizike."

Wale wawili wakafungua sanduku. Kila mtu alikuwa ameshakubali. Hata mwili wangu ulikuwa umekubali, ndio uliotoa ushahidi dhidi yangu. Na ni hapo, nikiwa sina maumivu, nikiwa nimeonyeshwa kwamba wao walikuwa sahihi na mimi nilikosea, ndipo niliposhika magongo nikasimama.

"Weka chini," nikasema.

"Nyar Uyoma..."

"Mmenionyesha vidole vilikuwa vimekunjwa. Nakubali. Vimenyooshwa, nimepata nafuu, na hilo nalikubali mbele ya wote. Lakini hamjanionyesha mimi ni wa nani. Hiyo haiko kwa mfupa. Hata mkichimba mpaka maji, hamtaiona hapo."

"Uchungu itarudi," mmoja wa wale wawili akasema.

"Ikirudi, itanikuta."

Ojwang' alisimama na mfuniko mkononi. Nilimwonea huruma, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia, "Sanduku lako ni nzuri, Ojwang'. Kama ulitengenezea mguu wangu, iache. Kama ulitengenezea mke wako, irudishe."

Akaweka mfuniko juu ya nyasi, taratibu, akavaa kofia, akaenda zake na watu wake. Sanduku akaliacha. Sijui alimaanisha nini, wala sijamuuliza. Nimeamua kwamba alimaanisha wema.

Odhiambo alikuwa ameegemea jembe. "Sasa tunafanya nini?"

"Zika hapa hapa. Halafu nataka kuzungushia mnyaa. Hapa itakuwa kwangu. Nikifa mtanileta."

Akashtuka. "Mwanamke haanzishi boma peke yake. Italeta chira." Chira ni laana ya kuvunja mila, na Odhiambo ana watoto, hofu yake haikuwa mchezo. Miezi ile ilikuwa imenifundisha nisicheke kitu ambacho mtu anakihisi.

"Ndiyo maana siingii kwako," nikamwambia. "Sigusi ua wako. Kama kuna chira, itabisha mlango wangu, na mimi nitatoka nje nione sura yake."

Odhiambo alimtazama Mama. Mimi pia nilimtazama. Nilikuwa nimemnyima kitu alichokitamani kuliko vyote, nikiwa na nafuu aliyonipa yeye. Alikuwa bado amepiga magoti, leso imejaa mifupa yangu. Aliiweka ndani ya sanduku, akazivuta pembe za leso zifunike, akatoka shimoni bila kushikwa mkono. Akajifuta. Kisha akaenda kwenye ua wa boma letu, akaanza kuvunja matawi ya mnyaa, utomvu mweupe ukimtiririka viganjani, akarudi na kwapa limejaa. Akachomeka tawi la kwanza ardhini, akalikanyaga lisimame.

"Usinitazame," akasema bila kugeuka. "Sijakubali. Lakini ukikaa nje, lazima kuwe na ndani."

Tulipanda mpaka jua likawa kali, mimi nikichimbua vishimo kwa gongo langu. Matawi yale yameshika, mengine yananifika kiunoni.

Nilikaa bila maumivu siku kadhaa tamu. Kisha mvua ndefu zikarudi na vidole vikajikunja tena, si kwa ukali ule, lakini vikajikunja. Sasa nina mguu bandia, nakanyaga pedali kwa ule wa kushoto, na kioo cha wateja kinalala kati ya miguu yangu kila asubuhi kabla sijafungua duka. Dawa nameza. Mama akija ananiimbia, na hilo nalo nalipokea. Wewe unayesoma ukiwa kitandani, chukua chochote kinachokupa pumzi, na usikubali mtu akupe pumzi kisha adai na wewe mwenyewe. Maumivu yako ni ya kweli. Hakuna mwingine anayeyahisi, basi hakuna mwingine wa kukuambia yana maana gani.

Juzi mmoja wa wale wanaume wawili wa Sondu alipita dukani kuchukua suruali. Alisema Ojwang' amemtuma aulize kama mguu umenyamaza, au unauma kama walivyonionya. Nilikuwa na kitambaa chini ya sindano, nikamalizia mshono kwanza.

"Mwambie unauma," nikasema. "Lakini unaumia kwangu."